Nani Anahesabiwa Kuwa Mfanyakazi?

Katikati ya Juni 2025, kampuni ya Heineken ilitangaza kwamba tangu tarehe 12 ya mwezi huo haikuwa tena na mamlaka juu ya mali zake mashariki mwa Kongo. Watu wenye silaha walikuwa wameyashika majengo yake, na kampuni ikasema kazi haiwezi tena kufanyika kwa usalama. Wafanyakazi waliobaki wakaondolewa. Miezi minne kabla yake, Februari, Bukavu ilipoingia mikononi mwa waasi wa M23, kiwanda cha Bralima, kampuni iliyokuwa tawi la Heineken katika nchi yetu, kiliporwa, na shughuli zikasimamishwa Bukavu, Goma na hapa Uvira.

Kumtoa mtu mahali penye risasi ni uamuzi sahihi na sina neno la kuupinga. Ninachotaka kuuliza kinaanzia hapo hapo. Kampuni inaposema imewaondoa wafanyakazi wake, inamaanisha nani? Ingia katika depo yoyote ya mji huu, iwe ya bia, ya saruji au ya mafuta. Utamkuta meneja na mhasibu wenye mikataba na kadi za matibabu. Utamkuta mlinzi aliyeletwa na kampuni ya ulinzi. Dereva yuko chini ya mkandarasi wa usafirishaji. Vijana wanaopakua mzigo wanalipwa jioni na kesho hawajui kama wataitwa. Wote wanavuta vumbi moja na wote wako chini ya paa moja, lakini likitokea la kutokea, karatasi itawataja wachache tu.

Nimeichagua kampuni ya bia kwa sababu historia yake katika pembe hii ya ziwa imeandikwa vizuri kuliko ya kampuni nyingine yoyote ninayoifahamu, na kwa sababu ndani ya historia hiyo kuna jambo jema kubwa na jambo baya kubwa, yaliyotokea katika miaka ile ile.

Nianze na jema. Bujumbura iko chini ya kilomita 30 kutoka Uvira. Usiku tunaziona taa zake ng'ambo ya maji. Huko kuna Brarudi, kiwanda ambamo Heineken ina hisa pamoja na serikali ya Burundi. Mwaka 2001 Burundi ilikuwa bado vitani. Mkataba wa Arusha ulikuwa umetiwa saini Agosti 2000, lakini milio ya bunduki haikuwa imekoma. Ukimwi ulikuwa unawamaliza wafanyakazi wa viwanda vya Afrika ya kati, na kampuni nyingi zilichofanya ni kuchangia sanda na kuajiri mwingine. Dawa za kupunguza makali ya virusi zilikuwepo Ulaya na Marekani, lakini bei yake ilikuwa imefikia dola 10,000 kwa mwaka kwa mgonjwa mmoja kabla ya kuanza kuporomoka. Februari 2001 kampuni ya Cipla ya India ilijitolea kuuza mchanganyiko wa dawa hizo kwa dola 350 kwa mwaka kwa mashirika ya hisani, na hata hapo mabwana wakubwa wa misaada walikuwa wanasema Mwafrika hawezi kuzitumia. Juni mwaka huo huo mkuu wa shirika la misaada la Marekani, Andrew Natsios, alidai hadharani kwamba Waafrika wengi hawaijui saa ya mkononi, kwa hiyo hawawezi kumeza vidonge kwa wakati.

Miezi mitatu baadaye, Septemba 2001, wafanyakazi wa viwanda vya Heineken walianza kuvimeza. Mpango ulianzia Rwanda na Burundi, kisha ukaenea Kongo na kwingineko. Ulimhusu mfanyakazi, mwenzi wake na watoto wao. Ulisukumwa na daktari wa kampuni, Stefaan Van der Borght, aliyewahi kufanya kazi na Madaktari Wasio na Mipaka, kwa kushirikiana na taasisi ya PharmAccess ya Joep Lange, yule daktari Mholanzi aliyekufa katika ndege ya Malaysia iliyodunguliwa Ukraine Julai 2014. Mwaka 2006 matokeo yao yalichapishwa katika jarida la The Lancet. Yalionyesha kwamba zahanati ya kiwanda inaweza kutoa matibabu ambayo wakubwa walikuwa wanasema hayawezekani katika bara hili.

Watu wa rika langu tunajua maana ya jambo hilo. Baba aliyekuwa amekonda hadi suruali inafungwa kwa kamba alirudi kwenye mtambo wa kujaza chupa. Dawa hizi ni za maisha yote, hivyo kampuni ilikuwa imejifunga kwa ahadi isiyo na tarehe ya mwisho. Wahasibu hawapendi ahadi za namna hiyo. Iliwekwa hata hivyo, wakati wa vita, katika mojawapo ya nchi maskini kuliko zote duniani. Kwa hiyo meneja yeyote wa kampuni ya kigeni anayeniambia leo kwamba mazingira yetu ni magumu mno kwa viwango vya afya, namrudisha Bujumbura mwaka 2001.

Sasa lile baya. Kati ya mwaka 1999 na 2003, Bukavu ilipokuwa chini ya waasi wa RCD-Goma, Bralima iliwaachisha kazi watu wengi. Walioachishwa walidai kwamba kampuni ilitumia nafasi ya utawala wa waasi kuwapunguza bila kufuata taratibu zinazostahili. Walihangaika miaka kumi na zaidi. Desemba 2015, 168 kati yao walipeleka malalamiko Uholanzi, kwenye ofisi ya serikali inayosimamia miongozo ya shirika la kiuchumi la OECD kwa kampuni za kimataifa. Usuluhishi ulifanyika, na Agosti 2017 pande zote mbili zilikubaliana. Wafanyakazi walilipwa, na kampuni iliahidi kuandaa sera ya namna ya kuendesha biashara katika nchi zenye vita. Kwa wanaofuatilia mambo haya lilikuwa tukio la nadra: ofisi za namna hiyo kwa kawaida hutoa taarifa ndefu, na mlalamikaji huondoka mikono mitupu.

Yaweke mambo haya mawili pamoja. Kampuni mama ni moja, miaka ni ile ile, na kanda ni ile ile. Ng'ambo ile ya mto Ruzizi mtu anapewa dawa ya kumwezesha kuishi; upande huu anapewa barua ya kuondoka. Tofauti haikuletwa na umaskini wa nchi wala na uwezo wa kampuni. Ililetwa na mahali ambapo mstari wa hesabu ulipigwa: huyu ni wetu, yule si wetu tena.

Na anayetolewa nje ya mstari hapotezi mshahara peke yake. Sheria ya Kazi ya Kongo, namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inamlazimu mwajiri kumtibu mfanyakazi na familia yake anapougua, anapopata ajali na mama anapojifungua. Ni sheria nzuri, na wenzetu wengi wa Afrika Mashariki hawana inayofika mbali hivyo. Lakini ndani yake kuna maneno machache yanayobeba uzito wote: hadi mwisho wa mkataba. Mkataba ukiisha, mtoto mwenye selimundu anapoteza daktari wake siku hiyo hiyo. Mke mwenye shinikizo la damu anarudi kununua vidonge sokoni kimoja kimoja. Katika mji ambao hospitali inadai fedha kabla ya kukupa kitanda, barua ya kuachishwa kazi ni jambo la kitabibu, na ningependa madaktari wa kampuni walione hivyo kabla haijatiwa saini.

Twende kwenye kazi yenyewe, maana usalama hausomwi kwenye sera. Unasomwa mgongoni na machoni mwa watu. Kreti moja ya bia kubwa ina chupa 12 za sentilita 72. Bia peke yake inazidi kilo 8, hapo hujaweka vioo vyenyewe, ambavyo ni vinene, wala kreti. Kijana anayepakua lori anashika kreti mbili kwa mpigo ili amalize haraka, kwa sababu analipwa kwa mzigo na si kwa saa. Anapinda mgongo, anageuka akiwa amebeba, anaweka chini, anarudi. Kinachoharibu uti wa mgongo si uzito peke yake, ni pia kule kugeuka akiwa na mzigo. Halafu kuna chupa. Bia iliyokaa juani katika joto la Uvira huongeza msukumo wa gesi ndani ya chupa, na chupa yenye ufa mdogo hupasuka mkononi. Kipande cha kioo kikiingia jichoni, kijana anaweza kupoteza jicho. Miwani ya kinga ni kitu cha bei ndogo kuliko kreti moja ya bia. Tazama ni nani anayeivaa pale unapopita: mara nyingi ni mgeni anayekuja kukagua.

Ndani ya kiwanda hatari ni za aina nyingine, na moja yake nataka kuieleza kwa urefu kwa sababu inawaua hata wenye uzoefu. Hamira inapoigeuza sukari kuwa pombe hutoa hewa ya ukaa. Hewa hii ni nzito kuliko hewa ya kawaida, haina rangi, na mtu hawezi kuitegemea harufu kumwonya. Inatuama chini ya tangi na kwenye mashimo. Mfanyakazi anashuka kusafisha, anavuta pumzi mbili tatu, anaanguka. Mwenzake anamwona ameanguka, anaruka kumwokoa, naye anaanguka juu yake. Ndiyo maana katika ajali za matangi mara nyingi hufa wawili au watatu, na wa pili alikuwa na nguvu zake zote. Kinga yake inajulikana dunia nzima: kupima hewa kabla ya kuingia, kupuliza hewa safi, mtu wa kusimama juu akiwa na kamba, na kibali cha maandishi. Haya hayahitaji teknolojia ngeni. Yanahitaji mtu mwenye mamlaka ya kusema hapana wakati bosi ana haraka, na kibarua wa siku moja hana mamlaka hayo. Akikataa, kesho hataitwa.

Heineken imekuwa ikieleza katika ripoti zake kwamba barabara ndiyo inayoua watu wake wengi kuliko mitambo. Kwetu hilo halishangazi mtu. Barabara namba 5, inayopanda kutoka Uvira kupita uwanda wa Ruzizi kuelekea Bukavu, imebeba misiba mingi, na mmoja hausahauliki. Tarehe 2 Julai 2010, lori la mafuta lililotoka Tanzania lilipinduka Sange. Mafuta yakatiririka hadi kati ya nyumba, watu wakaja na ndoo na madumu, kisha moto ukalipuka. Wengine walikuwa wamekusanyika kutazama mechi ya Kombe la Dunia. Zaidi ya watu 230 walikufa, wakiwemo watoto na wanawake wengi, na wakazikwa kwa pamoja. Watu wengi waliwalaumu marehemu kwa kuchota mafuta. Mimi naona lawama hiyo imewekwa pabaya. Mzigo wa hatari unapita katikati ya kijiji kwenye barabara iliyoharibika. Dereva amelala saa ngapi, hakuna aliyemuuliza.  Kampuni inayouza mafuta, inayoyasafirisha na inayoyanunua, kila moja inaweza kusema lori si lake. Watu wa Sange hawakuwa katika hesabu ya yeyote.

Kwa madereva wa bia kuna la ziada. Mwaka 2013 watafiti Jason Miklian na Peer Schouten waliandika jinsi malori ya bia mashariki mwa Kongo yanavyolipishwa kwenye vizuizi vya waasi. Mjadala uliofuata Ulaya ulihusu fedha zinazowanufaisha wenye silaha, na ulikuwa halali. Ila aliyesimamishwa usiku na mtutu dirishani ni dereva, na katika makaratasi mengi ya usalama kazini kizuizi cha waasi hakiandikwi kuwa hatari ya kazi.

Kundi jingine linalosahaulika ni wasichana wanaotangaza bia kwenye mabaa. Mwandishi Mholanzi Olivier van Beemen, aliyeichunguza Heineken katika Afrika kwa miaka, alionyesha kwamba katika nchi kadhaa wasichana hawa walikuwa wakisumbuliwa na wateja na hata kunyanyaswa kingono. Wengi walikuwa wameajiriwa na mawakala. Kutokana na taarifa hizo, Machi 2018 Mfuko wa Dunia unaopambana na ukimwi, kifua kikuu na malaria ulisimamisha ushirikiano wake na kampuni hiyo, ushirikiano uliokuwa umetangazwa Januari tu ya mwaka huo. Kampuni iliahidi kurekebisha mambo, pamoja na sare zisizowadhalilisha na usafiri wa kuwarudisha nyumbani usiku. Fikiria ajabu ya jambo hilo. Kampuni iliyokuwa mfano wa kutibu ukimwi kwa wafanyakazi wake, kwa upande mwingine ilikuwa inanufaika na kazi iliyowaweka wasichana katika hatari ya kuambukizwa. Hawakuwa kwenye orodha ya malipo, basi hawakuwa machoni.

Hata mwenye mkataba kamili, afya yake haibaki langoni anapotoka saa kumi na moja jioni. Kipindupindu ni mwenyeji Uvira. Kila mwaka kituo cha matibabu katika hospitali kuu kinapokea wagonjwa. Mwaka 2015 jarida la PLOS Medicine lilichapisha uchunguzi uliofanywa hapa hapa, uliolinganisha siku ambazo mabomba ya shirika la maji la REGIDESO yalikauka na idadi ya walioingia kituoni. Baada ya siku moja bila maji, wagonjwa wanaoshukiwa kuwa na kipindupindu waliongezeka kwa asilimia 155 katika siku 12 zilizofuata. Sababu haina fumbo. Umeme ukikatika pampu zinasimama, na mama anachukua ndoo na kuteremka ziwani au mtoni. Mfanyakazi anayekunywa maji safi kazini anarudi kunywa ya ziwa nyumbani Kasenga au Kalundu, na wiki ijayo kampuni inaandika kwamba hakufika kazini kwa ugonjwa. Kiwanda cha bia kinajua kusafisha maji kuliko taasisi nyingi za serikali, kwa sababu lita moja ya bia inakula lita kadhaa za maji. Kampuni yenye ujuzi huo ikiwa imekaa katika mji wa kipindupindu, bomba moja la maji salama nje ya lango si sadaka. Ni kinga kwa wafanyakazi wake yenyewe.

Nasikia jibu la upande wa pili, na sipendi kulipuuza. Kampuni si serikali. Ikibebeshwa kila kitu itaondoka, na ikiondoka watu watakosa hata kile kidogo. Kiliba, katika uwanda wa Ruzizi, wanalijua hilo: kiwanda cha sukari kiliposimama mwaka 1996 vita vilipoanza, uwanda wote uliyumba. Ni kweli. Lakini siiombi kampuni iwe serikali. Naiomba isimamie usalama wa kila mtu anayeinua mzigo wake, anayeendesha gari lenye nembo yake na anayesimama usiku akiuza jina lake, bila kujali karatasi yake imetiwa saini na nani. Juni 2022 mkutano wa Shirika la Kazi Duniani uliiweka kazi salama na yenye afya miongoni mwa haki za msingi za kazini, katika safu moja na marufuku ya utumwa na ya kuajiri watoto. Haki ya msingi haiwezi kutegemea rangi ya kitambulisho.

Heri yetu ni kwamba sehemu ya jibu tayari iko katika sheria yetu. Sheria ya Kazi inataka kamati ya usalama na usafi mahali pa kazi. Sheria ya hifadhi ya jamii ya tarehe 15 Julai 2016 inauagiza mfuko wa hifadhi ya jamii, CNSS, kugharamia ajali za kazini na magonjwa ya kazi, ilimradi mwajiri amemwandikisha mtu. Na kifungu cha 40 cha Sheria ya Kazi kinasema jambo ambalo vibarua wa Kalundu wangepaswa kulijua kwa moyo: aliyefanya kazi ya siku kwa siku kwa mwajiri mmoja na akatimiza siku 22 ndani ya miezi miwili, akichukuliwa tena kabla miezi hiyo haijaisha, huhesabiwa kuwa na mkataba wa muda usio na kikomo. Pamoja na mkataba huo yanakuja matibabu yake na ya familia yake.

Uvira imepita katika mengi. Tarehe 10 Desemba 2025 nayo iliingia mikononi mwa M23, na kampuni nyingi zinapima kama zirudi, zirudi lini na kwa masharti gani. Zitakaporudi zitahitaji mikono ya kupakua kabla ya kitu kingine chochote. Kwa hiyo neno langu ni kwenu mnaongoja langoni alfajiri. Nunua daftari dogo. Kila jioni andika tarehe, jina la depo, kazi uliyofanya na jina la aliyekulipa. Ukiumia, andika saa na majina ya walioona. Siku 22 zikitimia na ukaitwa tena, peleka daftari hilo kwa mkaguzi wa kazi na umwonyeshe kifungu cha 40.